Breki za Trela: Kuzibadilisha Mwenyewe Bila Kubahatisha

Barabara kuu ya I-70 inapochomoza mashariki mwa handaki la Eisenhower, katika jimbo la Colorado, iko kwenye kimo cha mita 3,350 hivi. Denver iko mita 1,600. Katikati ni mteremko mrefu wenye vipande vya asilimia 6, na kando yake kuna mabango yanayowaonya madereva wa malori wasidhani wamekwisha kushuka. Malori hayako peke yake. Kila kiangazi hupita hapo familia zinazovuta trela za safari, vile vyumba vya magurudumu vyenye kitanda, jiko na choo ambavyo Wamarekani huenda navyo mbugani na ufukweni. Trela ya kawaida ya ekseli mbili, ikishajazwa maji, vyombo na nguo, hufikia kilo 2,500 mpaka 3,500. Breki za gari linaloivuta hazikuundwa kubeba mzigo huo wote peke yake. Trela nayo inapaswa kujisimamisha.

Breki zake ni rahisi kuliko za gari lenyewe. Hazina bomba la oili, hazina pampu, wala hakuna kazi ya kutoa hewa. Mtu anayeweza kubadilisha tairi, kufungua nati kwa spana na kuunganisha waya mbili anaweza kuzibadilisha uani kwake kwa siku moja. Gereji nyingi za trela nchini Marekani hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa moja ya fundi, na wakati wa msimu foleni yake huenda wiki kadhaa, kwa hiyo si ajabu wenye trela wengi wanashika spana wenyewe.

Kasoro iko penginepo. Wengi hununua breki mpya kabla ya kujua kama zile za zamani zimekufa kweli, kumbe zilikosa umeme au hazijarekebishwa tangu zitoke kiwandani. Wengine hufunga breki mpya vizuri, wakarudisha magurudumu na kuondoka, na kumbe nusu ya kazi bado. Breki nzuri ya trela hupatikana katika vipimo vinavyotangulia kazi na marekebisho yanayoifuata. Kufungua na kufunga nati ni sehemu fupi ya katikati.

Sumaku, mkono na shuu

Trela nyingi za safari zinazouzwa Marekani na Kanada zina breki za dramu zinazotumia umeme. Saizi mbili ndizo zinazokutwa zaidi: inchi 10 kwa inchi 2¼ kwenye ekseli ya pauni 3,500, yaani kilo 1,590, na inchi 12 kwa inchi 2 kwenye ekseli za pauni 5,200 mpaka 7,000. Ekseli na breki nyingi za aina hiyo zinatoka kwa Dexter na Lippert, kampuni zilizo katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, eneo ambako sehemu kubwa ya trela za safari za Marekani hutengenezwa. Ndiyo maana vipuri vyake hupatikana kila mahali na vingi vinaingiliana.

Ndani ya dramu kuna shuu mbili zilizojipinda, moja mbele na moja nyuma. Kila moja ina lainingi, ile sehemu ngumu iliyogundishwa juu yake, ambayo ndiyo inayosugua na kuisha. Humo pia kuna mkono wa chuma, na mwishoni mwa mkono huo kuna sumaku ya umeme inayogusana na uso wa ndani wa dramu. Dereva akikanyaga breki, kidhibiti kilichofungwa chini ya dashibodi hupeleka umeme kwenye sumaku. Sumaku hunata kwenye dramu inayozunguka na kuburutwa nayo, mkono unavutwa, na shuu zinasukumwa nje hadi zibane.

Kwa maneno mengine, umeme huianzisha tu kazi. Nguvu ya kubana inatoka kwenye mzunguko wa gurudumu lenyewe. Hapo ndipo mambo mawili yanapoeleweka. La kwanza, breki hizi hushika vizuri zaidi trela inapokwenda mbele kuliko inaporudi nyuma, kwa sababu zimepangwa kwa mzunguko wa upande mmoja. La pili, breki ya kushoto na ya kulia ni vitu viwili tofauti. Dereva wa lori aliyezoea breki za upepo (na Waafrika Mashariki walioko Texas, Ohio au Minnesota wanaoishi kwa usukani wanazijua vizuri) ataona hapa mambo yamepangwa kwa namna nyingine: hakuna sauti ya hewa, hakuna geji, na breki ikifa haisemi kitu.

Sheria nayo ina la kusema. Majimbo mengi ya Marekani yanataka trela yenye uzito wa zaidi ya pauni 3,000, kama kilo 1,360, iwe na breki zake. Texas imeweka kiwango chake kuwa pauni 4,500, na California imeshuka mpaka 1,500. Trela nyingi za familia zimepita viwango hivyo vyote.

Mita kwanza, duka baadaye

Breki ikianza kuwa dhaifu, cha kwanza kushika ni maltimita. Sumaku ya breki ya inchi 10 au 12 ina ukinzani wa omu 3.2 hivi. Katika volti 12 hiyo ina maana ya ampea 3 hadi 4 kwa kila gurudumu, na ampea 12 hadi 15 kwa trela ya magurudumu manne yenye breki. Mtu hupima kwenye waya ya breki, ambayo katika plagi ya pini saba ya Marekani kwa kawaida ni ya buluu, huku msaidizi akisukuma kitufe cha mkono cha kidhibiti ndani ya gari.

Mita ikionyesha ampea 9 badala ya 12, gurudumu moja halipati umeme. Ikionyesha sifuri, tatizo liko mbele zaidi: kwenye plagi, kwenye kidhibiti, au kwenye waya ya ardhi iliyoshikwa na kutu. Ikizidi sana, kuna waya iliyochubuka na kugusa chuma. Katika trela nyingi waya inayokwenda gurudumu la pili hupitishwa ndani ya bomba la ekseli, ikabaki inatikisika humo kwa miaka, ikisuguana na chuma mpaka ganda lake likaisha. Dalili yake ni breki inayoshika leo na kukosa kesho. Dawa yake ni kuvuta waya mpya nje ya bomba, ndani ya mpira wa kuilinda, na kuibana kwenye ekseli. Breki mpya hazitaisaidia trela hiyo hata kidogo.

Umeme ukiwa mzima, jambo linalofuata ni kurekebisha, kazi itakayoelezwa hapa chini. Lainingi inapoisha taratibu, nafasi kati yake na dramu inaongezeka, na mkono wa sumaku unalazimika kusafiri mbali zaidi kabla shuu haijagusa. Dexter inataka breki za kawaida, zisizojirekebisha zenyewe, zirekebishwe baada ya maili 200 za kwanza (kilomita 320) na kisha kila maili 3,000, kama kilomita 4,800. Wamiliki wengi hawajawahi kufanya hivyo hata mara moja. Kwa trela ya namna hiyo, nusu saa kwa kila gurudumu huweza kurudisha breki iliyohesabiwa kuwa imekufa.

Hayo yakishindikana, ndipo dramu inavuliwa. Lainingi iliyobaki milimita 1.6 au pungufu haina mjadala, inabadilishwa. Sumaku hutazamwa usoni: ikiwa imelika upande mmoja, au waya za shaba za ndani zimeanza kuonekana, imekwisha. Dramu ya inchi 12 inaruhusiwa kuchongwa mpaka inchi 12.090 tu, na ya inchi 10 mpaka 10.090, ikizidi hapo, au ikiwa na nyufa, inatupwa.

Halafu kuna grisi. Hii nayo huua breki za trela nyingi. Ekseli nyingi za kisasa zina chuchu ya grisi kwenye ncha, chini ya kifuniko kidogo cha mpira, ili mwenyewe aweze kusukuma grisi mpya kwenye beringi bila kuvua gurudumu. Mtu akipampu kwa haraka, au oili sili ya nyuma ikiwa imechoka, grisi hupita na kumwagika ndani ya dramu. Akifungua baadaye anakuta vumbi la breki limegeuka tope jeusi linalong'aa, shuu zimelowa, na sumaku inateleza tu badala ya kunata. Lainingi ikishanywa grisi haioshwi ikasafika. Hata ikipuliziwa dawa ya kusafishia breki ikaonekana kavu, ikipata moto inatoa mafuta tena. Shuu za pande zote mbili za ekseli hiyo hubadilishwa, kwa maana breki inayoshika kulia na kuteleza kushoto huivuta trela upande.

Kununua bila kurudi dukani

Anayeanza hufikiri atanunua shuu peke yake. Hilo linawezekana, lakini akishahesabu springi, sumaku, vishikizi na muda wa kupambana na springi zenye nguvu, mara nyingi hesabu haimlipi. Njia ya wengi ni kununua breki kamili, iliyokwisha kuunganishwa kwenye sahani yake ya nyuma, ikiwa na shuu, springi, mkono na sumaku. Jozi ya ekseli moja, kushoto na kulia, inapatikana kwa kati ya dola 100 na 200 kutegemea saizi na kama inajirekebisha yenyewe. Mwenye pesa kidogo ataanza na ekseli moja, lakini asichanganye breki mpya na za zamani kwenye ekseli hiyohiyo.

Namba za kubeba dukani ni chache. Lebo iliyobandikwa kwenye bomba la ekseli huonyesha uwezo wake kwa pauni. Ikiwa imechakaa, zihesabiwe nati zinazoshikilia sahani: breki ya inchi 10 kwa kawaida ina nne, ya inchi 12 ina tano. Beringi nazo zina namba zilizochongwa ukingoni. Ekseli ya pauni 3,500 hukutwa mara nyingi na L44649 kwa nje na L68149 kwa ndani. Ile ya pauni 7,000 hutumia 14125A nje na 25580 ndani. Mwuzaji akipewa namba hizo hahitaji kujua trela ni ya kampuni gani wala ya mwaka gani.

Pamoja na breki zinunuliwe oili sili mpya, moja kwa kila gurudumu, spliti pini mpya, grisi ya beringi inayostahimili joto, makopo mawili ya dawa ya kusafishia breki, na viunganishi vya waya vyenye mpira unaojibana ukipashwa moto. Oili sili ya zamani hairudishwi mahali pake, kwa kuwa huweza kuvuja. Bei yake ni ndogo, na ndiyo inayozilinda shuu mpya. Vifaa ni jeki, stendi mbili imara, mawe au mbao za kuzuia magurudumu, spana na soketi, koleo, bisibisi, nyundo ya mpira, na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Hiyo ya mwisho, asiyekuwa nayo aazime.

Kuvua na kufunga

Trela huegeshwa mahali tambarare pagumu, ikiwa bado imefungwa kwenye gari, na magurudumu ya upande wa pili yamezuiwa mbele na nyuma. Nati za magurudumu hulegezwa kabla ya kuinua. Jeki huwekwa chini ya fremu au pale mtengenezaji anapoelekeza, kamwe isiwekwe katikati ya bomba la ekseli, kwa kuwa bomba hilo likipinda kidogo tu magurudumu hukaa upogo na tairi huliwa upande mmoja maisha yake yote. Trela ikishainuka hukalishwa kwenye stendi, na hakuna anayeingiza mwili chini ya kitu kinachoshikwa na jeki peke yake.

Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Marekani ilipiga marufuku asbesto ya aina ya krisotili, iliyokuwa bado ikitumika katika baadhi ya lainingi, kwa kanuni iliyotolewa Machi 2024, na hata hapo ikaacha muda wa mpito. Shuu za zamani hakuna anayejua zilitengenezwa na nini. Mtu avae barakoa na glavu, apulizie dawa ya kusafishia ili vumbi lilowe, kisha alipanguse kwa tambara la kutupa.

Kofia ya vumbi hugongwa taratibu mpaka itoke. Chini yake kuna spliti pini, nati kubwa, washa, na beringi ya nje, ambayo huteleza na kuanguka mchangani ikisahaulika. Kiganja kikae tayari mbele yake. Katika trela dramu na habu ni kipande kimoja, kwa hiyo vyote hutoka pamoja. Dramu ikigoma, mara nyingi shuu zimechimba mfereji ndani yake. Kupitia tundu dogo lililo chini ya sahani, kwa nyuma, nyota ya kurekebishia, yaani kigurudumu chenye meno kinachosogeza shuu, inazungushwa kwa bisibisi mpaka shuu zirudi ndani, nayo dramu inatoka bila ugomvi.

Ipigwe picha ya simu kabla ya kugusa chochote zaidi. Picha hiyo itaamua mabishano yote ya baadaye kuhusu waya ilipita wapi na springi ilitazama upande gani.

Waya mbili zinazotoka nyuma ya sahani hukatwa, nati nne au tano hufunguliwa, na breki ya zamani inatoka nzima. Uso wa ekseli hukwanguliwa kutu kwa brashi ya waya. Sasa linakuja lile la kushoto na kulia. Breki mpya huja imeandikwa, lakini asiyeamini maandishi atazame ndani: shuu yenye lainingi fupi ndiyo ya mbele, na inapaswa kuelekea mbele ya trela. Aliyezifunga kinyume hatapata kelele wala moshi kumwonya. Breki itafungwa vizuri na itaunguruma kidogo kama inavyotakiwa, lakini itashika nusunusu, naye ataishia kulaumu kidhibiti.

Nati za sahani hukazwa kwa kupokezana, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha ekseli. Kuhusu waya, habari ni nyepesi: sumaku haijali ipi ni chanya na ipi ni hasi. Moja huunganishwa na waya ya kidhibiti, nyingine na ya ardhi. Kinachotakiwa ni muungano usioingiza maji, kwa sababu uko karibu na tairi na kila mvua itaurushia tope. Kusokota waya na kuzifunga kwa utepe ndiko kunakowarudisha watu chini ya trela baada ya mwaka mmoja.

Wakati dramu iko nje, beringi huoshwa, hukaushwa na kutazamwa kwenye mwanga. Zikiwa na madoa ya kutu, rangi ya buluu ya moto au mikwaruzo, zinabadilishwa pamoja na vikombe vyake vilivyo ndani ya habu. Zilizo nzima hushindiliwa grisi kwa kiganja: upande mpana wa beringi hukandamizwa kwenye tonge la grisi mpaka itokeze upande wa pili, beringi ikageuzwa na kukandamizwa tena mpaka mzunguko wote ujae. Kazi hiyo hufanywa kila miezi 12 au maili 12,000, kama kilomita 19,000, breki zibadilishwe zisibadilishwe. Kisha mikono inaoshwa kabla ya kugusa shuu mpya, na uso wa ndani wa dramu, pale sumaku inaponata, unapanguswa mpaka tambara litoke jeupe.

Nati ya ncha ya ekseli ina utaratibu wake. Hukazwa kwa nguvu ya futi-pauni 50 hivi, karibu nyutonimita 68, huku dramu ikizungushwa kwa mkono ili beringi zikae sawa. Halafu hulegezwa kabisa bila kuzungusha dramu, ikarudishwa kwa vidole tu mpaka iguse, na spliti pini ikaingizwa kwenye tundu la karibu. Aliyezoea kukaza kila nati kwa nguvu zake zote hujisikia vibaya kuiacha hivyo. Lakini beringi iliyobanwa huchemka, na beringi iliyochemka barabarani hung'oa gurudumu zima. Nati hiyo inatakiwa ishikwe na pini, isishikwe na ubano.

Kazi inayoanza magurudumu yakirudi

Gurudumu likiwa limefungwa lakini bado liko hewani, huzungushwa kuelekea mbele tu, na nyota ya kurekebishia hugeuzwa kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma mpaka gurudumu liwe zito sana kuzungushwa. Kisha nyota hurudishwa nyuma kidogokidogo mpaka gurudumu lizunguke kwa urahisi huku likisikika kugusa kwa mbali. Breki zinazojirekebisha zenyewe nazo huanzishwa kwa mkono kwa njia hiyo. Kujirekebisha kwake ni kwa ajili ya uchakavu wa baadaye. Magurudumu yote yapewe uzito uleule wa kuzunguka.

Nati za magurudumu yenye stadi za nusu inchi hukazwa kwa mafungu matatu, kwa mtindo wa nyota: kwanza futi-pauni 20 hadi 25, kisha 50 hadi 60, mwisho 90 hadi 120. Zikaguliwe tena baada ya maili 10, 25 na 50. Gurudumu lililotolewa na kurudishwa hukaa vizuri baada ya kutembea, na nati zilizokazwa uani hulegea kidogo. Magurudumu yanayoonekana yakikimbia peke yake pembeni mwa barabara kuu mengi yake yaliachwa katika hatua hii.

Siku ileile trela hupelekwa kwenye barabara tupu. Shuu mpya hazijagusana na dramu kwa uso wake wote. Zinagusa sehemu sehemu tu. Maelekezo ya Dexter ni kupunguza mwendo kutoka maili 40 kwa saa hadi 20, yaani kutoka kilomita 65 hadi 30 hivi, kwa mara 20 mpaka 30, ukiacha muda wa kutosha breki zipoe kati ya mara moja na nyingine. Mwanzoni trela itashika kwa uvivu na mwenyewe atadhani amekosea. Baada ya mizunguko hiyo ndipo kidhibiti kinapopangwa. Katika barabara kavu, kwa mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, nguvu yake huongezwa mpaka magurudumu ya trela yakaribie kujifunga, kisha hupunguzwa kidogo. Anayeipanga kabla ya shuu kukaa ataiweka juu mno, na wiki ya pili trela itaanza kukwaruza lami kila anapokanyaga.

Mtihani wa mwisho ni swichi ya dharura, ile yenye kamba nyembamba ya waya iliyofungwa kwenye gari. Trela ikichomoka, kamba huchomoa pini, na betri ya trela hupeleka umeme wote kwenye breki. Kwa trela za biashara, kanuni za shirikisho zinataka breki hizo zishike kwa muda usiopungua dakika 15. Kuijaribu ni rahisi: plagi ya trela ichomolewe kwanza kwenye gari ili umeme usirudi kwenye kidhibiti, pini ivutwe, na gari lijaribu kuivuta trela mbele kidogo. Magurudumu yakizunguka kana kwamba hakuna kitu, betri imekufa au waya yake imekatika. Pini irudishwe mara moja, kwani ikiachwa nje betri huisha na sumaku huchemka.

Ushauri huu una mipaka yake. Trela nyingine zina breki za diski zinazoendeshwa kwa oili na pampu ya umeme, na hizo zinataka kutoa hewa na ujuzi wa namna nyingine. Ncha ya ekseli iliyochimbika na beringi iliyoungua, au fremu iliyopasuka karibu na springi, ni kazi ya mwenye mashine ya kuchomelea na cheti. Afrika Mashariki, trela za kambi zinazoonekana Kenya na Tanzania, baadhi zikiwa zimetengenezwa Afrika Kusini, mara nyingi hazitumii umeme kabisa. Gari likipunguza mwendo, trela hulisukuma, kiungo cha mbele kinabonyea, na kebo zinavuta shuu. Hapo sehemu ya sumaku na maltimita inawekwa kando, na mengine yanabaki: beringi, oili sili, nati ya vidole, kurekebisha kwa mzunguko wa mbele. Barabara za Afrika zilikwisha kuzipima trela za Marekani zamani. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliondoka Cape Town na msafara wa trela 41 kwenda Cairo kupitia Afrika Mashariki na Ethiopia, na matengenezo mengi yalifanyika kando ya njia.

Kilichobaki ni kumbukumbu. Ndani ya mlango wa kabati la trela, mwenye nayo aandike tarehe ya kazi, kilomita, namba za beringi, saizi ya breki na nguvu ya kukaza nati za magurudumu. Chini yake aandike kuwa mwendo ukitimia kilomita 320, ni wakati wa kurudi na bisibisi kwenye lile tundu la nyuma ya sahani. Maana lainingi mpya hupungua haraka zaidi katika safari hizo za mwanzo kuliko wakati mwingine wowote.